Hakupigwa Risasi: Eustace Ngari Njiru, 1960–2024

Marehemu Eustace Ngari Njiru alikuja duniani tarehe 14 Agosti 1960 hapa Kanja, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Njiru na marehemu Mama Ruguru. Mimi ninayewasomea, Muriuki, ni kitindamimba wao.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kanja kuanzia 1967 hadi 1973. Alipita vizuri, hesabu hasa, lakini mwaka huohuo baba alifariki, na kaka akashika jembe ili sisi wengine tusome. Hakuwahi kutudai hata shukrani.

Mwaka 1990 aliajiriwa kwenye ranchi moja ya Laikipia iliyokuwa na kibali cha kuvuna swala kwa ajili ya nyama. Bunduki zilishikwa na wengine. Kazi yake ilikuwa kujaza risasi kwa mkono: kusafisha maganda yaliyokwisha kutumika, kuweka fataki ya kuwashia baruti, kupima baruti kwenye mizani ndogo, kisha kushindilia kichwa cha risasi. Miaka minane ya kwanza vichwa hivyo alivitengeneza mwenyewe, akiyeyusha madini ya risasi kwenye sufuria ndani ya stoo isiyo na dirisha. Baadaye ranchi ikaleta vichwa vya shaba, kwa sababu vile vya zamani viliacha vipande kwenye nyama. Kaka alipenda kutuonyesha kimoja na kusema, "Hii ni risasi isiyo na risasi," nasi tukicheka. Walaji nyama walilindwa. Yeye alikuwa amechelewa.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Winfred Kajuju wa Muthara. Winfred anasimulia kwamba asubuhi ya kwanza alimkuta bwana harusi akipima majani ya chai kwenye mizani, kama anavyopima baruti. Vibali viliposimamishwa mwaka 2003 alirudi kulima maharagwe, na ile mizani yake ya jikoni akaja nayo.

Machi 2022 figo zilianza kumsumbua. Daktari alitueleza kwamba damu yake ina risasi, yaani yale madini aliyoyayeyusha. Nikitoka hospitali nilipita sokoni, nikaulizwa kaka ana nini, nikajibu harakaharaka kwamba amepatikana na risasi mwilini. Kufikia Jumapili, Kanja nzima ilijua kuwa Ngari alipigwa risasi akiwinda kwa siri. Kikundi cha maombi kikaacha kuja. Waliozoea kununua maharagwe kwake wakahama. Nilijua neno hilo lilitoka kinywani mwangu, na niliona haya kulisahihisha. Kaka aliniomba mara moja tu: "Muriuki, wewe waambie ilikuwa ya kuyeyusha, si ya kupigwa." Nikamwambia kesho. Kwa miaka miwili nilisema kesho.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, asubuhi, Winfred akiwa amemshika mkono. Mwirigi na wenzake waliomvisha marehemu nguo za maziko jana wako hapa, waulizeni. Hawakuona tundu wala kovu kwenye mwili huu.

Ameacha mjane, Winfred, watoto wawili, Kathambi na Oscar, wajukuu watatu, na mdogo wake mmoja aliyechelewa.

Pumzika kwa amani, kaka. Nimewaambia.