Blanketi la Chausiku

Mwaka ule wa ndui gulio la Shinyanga lilifungwa, na kila mwenye vipele akapelekwa kambi ya wagonjwa kule Ibadakuli. Cherehani ya Zamoyoni ikakosa kazi. Benchi la kahawa mbele ya kibaraza chake halikukosa, maana midomo haikufungwa na mtu. Mkewe, Chausiku, alikuwa kambini siku ya kumi na mbili. Aliondoka na kanga moja tu, na baridi ya mwezi wa sita haina adabu. Kwa hiyo Zamoyoni alikusanya masalia yote ya kaniki, marekani, kanga nyekundu na khaki za makarani, akawa anamshonea blanketi la viraka. Lingekwisha siku ya nne, kama asingekuwa na washauri.

— Hicho kiraka chekundu toa, alisema Bujiku, aliyeitwa Daktari kwa sababu aliwahi kufagia hospitali wiki tatu. Ndui inapenda wekundu.

— Jana ulisema inapenda weusi.

— Jana sikuwa nimefikiri.

Zamoyoni akafumua, mara ya tatu hiyo. Moyoni alijua ni upuuzi, lakini mkeo akiwa kule, hata upuuzi unauogopa.

— Tatizo si rangi, alisema Marselino, aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita na tangu hapo hajakosa jibu. Tatizo mishono. Ndui inapita kwenye tundu la sindano. Nimeona kwa macho yangu.

— Umeiona ndui?

— Nimeliona tundu.

— Basi ashone bila sindano, alisema Bujiku.

— Ndiyo, abandike kwa uji.

— Uji wa mtama au wa mahindi? aliuliza muuza kahawa, akitikisa birika.

Wakabishana juu ya uji mpaka vikombe vikapoa. Mwisho Marselino akaamua kwamba blanketi litandikwe juu ya ng'ombe mweupe siku saba. Ng'ombe asipopiga chafya, liende. Zamoyoni, Mungu amsamehe, akaanza kuwaza nani ana ng'ombe mweupe.

Hapo akaja mwanamke mwenye makovu mabichi usoni. Bujiku akasogea mwisho wa benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mayu. Watoka wapi?

— Ibadakuli. Naitwa Nyamizi, nimepona, wameniruhusu leo. Fundi ni nani? Chausiku anakusalimu. Vipele vinakauka, ila usiku anatetemeka. Tulikuwa tunapokezana shuka langu, nalo wamelichoma asubuhi. Ukitoka, chako kinachomwa.

Zamoyoni akaweka sindano chini. Akamkunjulia blanketi. Nyamizi akalipima kwa mikono.

— Zuri kweli. Lakini kule kila mtu na mkeka wake. Hili ni la watu wawili. Wa pili nani?

Bujiku akamtazama Marselino. Marselino akatazama birika. Muuza kahawa akaliinamisha, halikutoka hata tone.

Zamoyoni alikuwa amelipimia kitanda cha nyumbani. Akachukua mkasi, akalikata katikati.

— Fundi! Sasa nusu ipi inakwenda? aliuliza Bujiku.

— Hii. Akakirudisha kiraka chekundu kwa mishono michache. Anapenda nyekundu. Nyingine itamngoja kitandani.

Akaikunja, akaitia kwapani.

— Mayu, vitu wanapokelea wapi?

— Langoni.

— Nionyeshe njia.

Wakaondoka bila kuaga.

— Na ng'ombe je? Marselino aliuliza, lakini walikuwa wameshapita kona.