Wasifu wa Hellen Kokuberwa, Aliyebandika Maua kwenye Viatu vya Watoto

Mchungaji wetu, viongozi wa kijiji, wakwe zetu, majirani na ndugu wote mliofika hapa Kamachumu leo, poleni na safari, na poleni na msiba. Ninaitwa Wilbert Kahangwa. Marehemu ni dada yangu, mimi nilimfuata, na ninayasoma haya kwa sababu yeye mwenyewe alinituma. Naomba mnivumilie. Wasifu wa marehemu kwetu huwa ni sifa kuanzia juu mpaka chini, hata wa mtu tuliyekuwa tukimkimbia njiani. Huu una sifa, na una mengine. Mlioshika ratiba mtaona umechapwa hivyo hivyo, kama alivyotaka.

Hellen Kokuberwa Kahangwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika kijiji cha Ijumbi, Muleba, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya wakulima wa kahawa na migomba. Alikuwa mtoto mwenye mdomo. Wazee mliopo mnakumbuka kwamba zamani mwanamke wa Kihaya alikamata senene, panzi wetu wa msimu, akawanyonyoa, akawakaanga, halafu wakaliwa na wanaume peke yao. Hellen akiwa bado mdogo alikutwa na babu nyuma ya nyumba, mashavu yamejaa. Babu akamuuliza nani amemruhusu kula. Akapiga magoti kwa adabu zote akasema, "Waitu, babu yangu, nilikuwa naangalia kama chumvi imekolea." Babu alicheka mpaka akasahau fimbo. Hadithi hiyo ilirudiwa nyumbani kila msimu wa senene, na sisi sote tuliamini kwamba mtoto wa namna ile hatakubali kamwe kuambiwa hiki ni cha wavulana na kile ni cha wasichana. Tulikosea.

Alisoma shule ya msingi Ijumbi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Hakuchaguliwa kuendelea, ingawa hesabu alinishinda mimi niliyechaguliwa. Baba alimpeleka kwenye mafunzo ya kanisa ya ufundi wa nyumbani, ambako wasichana walifundishwa kushona, kupika na kupamba meza. Huko ndiko alikojifunza kutengeneza maua ya kitambaa. Aliyatengeneza kwa haraka na kwa uzuri wa ajabu, na altare ya usharika wetu ilipambwa naye kwa miaka mingi.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Ismael Mwesiga wa hapa Kamachumu, fundi viatu, mtu mpole aliyezoea kuongea huku misumari iko mdomoni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Buberwa na Joanitha. Waliishi kwa amani. Kama waliwahi kugombana, waligombana kwa sauti ya chini, maana sisi wa upande wa kina Kahangwa hatukusikia, na si kwamba hatukusikiliza.

Kazi yao ilikuwa viatu vya mitumba vya watoto. Robota likifunguliwa, viatu vilitoka vimechanganyika, na vingi havikuwa vya kike wala vya kiume. Vilikuwa viatu tu, vyeusi, vya ngozi, vyenye soli ya meno. Mwenye kuamua alikuwa Hellen. Alivipanga mafungu mawili juu ya turubai. Fungu moja liliachwa lilivyo, hilo la wavulana. Fungu la pili Ismael alilichukua na kisu, akayanyoa meno ya soli mpaka kiatu kikawa chembamba na chepesi, kisha Hellen akabandika ua la kitambaa hapo mbele. Kufikia jioni kiatu kilekile kilikuwa kimekuwa cha kike. Wateja waliambiwa, "Mvulana anakanyaga, msichana anapendeza." Watu walicheka wakanunua. Siku za gulio hapa Kamachumu ungeweza kuwajua watoto aliowavisha yeye: wasichana walipita ukingoni mwa barabara wakishikana mikono wasiteleze, na ndugu zao wa kiume walikuwa wameshafika nyumbani.

Sasa nafika mahali ambapo dada alisema nisiparuke.

Joanitha alizaliwa mwaka 1994, na tangu mdogo alikuwa mtoto wa mbio. Ukimtuma chumvi, alirudi kabla hujamaliza kujiuliza kama ulimpa maelekezo. Alipofika darasa la sita alimwomba mama yake viatu vyenye meno. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetusimulia maneno yao.

"Mama, naomba vyenye meno."

"Vyenye meno ni vya kaka yako."

"Kwani mimi nakanyaga wapi?"

"Wewe utavaa vya maua. Binti wa muuza viatu akionekana na vya kiume, mimi maua yangu nitamuuzia nani?"

Mwezi Mei mwaka 2006 shule zilikusanyika Muleba kwenye mashindano ya mbio. Buberwa, kwa hiari yake, alimwazima mdogo wake viatu vyake. Siku ya kwanza Joanitha aliwaacha wenzake mbali, na ikabaki mbio ya mwisho siku ya pili, ya kuchagua wa kwenda mkoani. Habari ilifika Kamachumu kabla ya jua kuzama. Mteja mmoja alimletea Hellen viatu vya maua alivyokuwa amemnunulia mwanawe akamwambia, "Mama Buberwa, wako anavaa vya kiume anashinda, sisi unatuuzia maua."

Asubuhi Hellen alikwenda Muleba. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa umelowa. Alimkuta Joanitha amesimama na wenzake, akamwambia avue. Mtoto akavua, mbele ya shule zote. Mwalimu alishauri basi akimbie peku, kama walivyofanya wengine wengi. Hellen akakataa. Akasema, "Mimi nauza viatu. Mtoto wangu hatakimbia peku kama asiye na mama." Akamvisha vile alivyokuja navyo mkononi, vya mkanda na ua jeupe.

Joanitha alikimbia navyo. Kwenye kona alikuwa bado anaongoza. Hapo akateleza, na kifundo cha mguu wa kushoto kikavunjika.

Alitibiwa kwa mganga wa mifupa, baadaye hospitali, lakini mguu haukurudi ulivyokuwa. Mnaomfahamu mnajua anavyotembea mpaka leo. Hakukimbia tena. Katika ugonjwa wake wa mwisho dada alituambia, "Nilipomwona anaanguka nilijua ni soli ipi. Ismael aliinyoa mara moja, mimi ndiye niliyemrudishia nikamwambia anyoe tena, bado ina meno."

Mngetarajia niseme kwamba siku hiyo aliacha biashara ya maua. Hakuacha. Wiki iliyofuata robota lilifunguliwa kama kawaida. Hakumwomba mtoto radhi, ila alianza kumbembeleza kwa vitu: gauni la Krismasi la rangi aliyoitaka, kipande cha samaki kilichonona zaidi, kitanda cha dirishani. Ada ya sekondari ya Joanitha ilitoka kwenye maua yaleyale. Dada alilijua hilo. Aliacha kupamba altare mwaka huohuo wa 2006, na akina mama wa usharika walipomuuliza alisema vidole vinamuuma. Vidole vyake vilikuwa vizima.

Ismael aliitwa na Bwana tarehe 3 Agosti 2010. Mwaka uliofuata Hellen alihamia Bukoba mjini, akapanga chumba Kashai na kupata meza sokoni. Viatu vya mitumba alivipunguza akaleta vipya vya dukani. Huko hakuhitaji tena gundi wala kitambaa. Viatu vya kike vilikuja vimeshafanyiwa kila kitu kiwandani: vinameremeta, vina picha za wanasesere, vina visigino hata vya mtoto anayejifunza kutembea. Vya kiume vilikuja na picha za magari na soli ya kupandia mlima. Alisema alipofungua boksi la kwanza alijiona yeye na Ismael wamo humo ndani, wamekuwa wengi.

Mwaka 2019 Buberwa alimleta sokoni binti yake Kokushubira, aliyekuwa na miaka minne, achaguliwe viatu vya shule ya awali. Bibi akamvisha vya waridi, vyenye kisigino. Mtoto alijaribu hatua chache akiwa ameshika meza, kisha akasimama akauliza, "Bibi, hivi ni vya kukaa?"

Hellen alifunga meza saa sita mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mafuriko. Kesho yake alichanganya viatu vyote na kuvipanga upya kwa ukubwa wa mguu. Mteja akiuliza vya kike viko wapi, alijibiwa, "Lete mguu kwanza." Wengi walikasirika. Walimwona anajidai, wakahamia meza ya jirani ambako mambo yalikuwa kama zamani. Dada hakugeuka malaika. Baada ya miezi kadhaa vyenye kumeremeta vilirudi kwenye kona moja, maana njaa haina aibu pale sokoni, ila anayevinunua aliambiwa wazi kwamba vinateleza. Siku moja baba mmoja alikuwa akimvuta mwanawe wa kiume aliyeng'ang'ania kiatu cha zambarau. Hellen alimwambia, "Mnunulie tu, baba. Mimi nilimkatalia wangu, na bado sijapata jibu la kumpa." Yule baba alimwangalia kama mgonjwa, lakini alinunua.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa Bukoba na akapelekwa Mwanza, na kwa muda tulipata matumaini. Kuanzia mwezi Juni mwaka huu hakutoka tena kitandani. Joanitha, ambaye ana duka la mbegu na pembejeo pale Muleba, alikuja Bukoba kila mwisho wa wiki kumwogesha mama yake, kumpaka mafuta na kumpikia ndizi laini. Tunamshukuru mbele yenu wote.

Jumapili moja ya mwezi Septemba tulikuwa chumbani wanne: marehemu, Buberwa, Joanitha na mimi. Joanitha alikuwa akimpaka mama yake mafuta miguuni. Dada alimwambia yote niliyowasomea, ya kisu, ya gundi, ya uwanjani, kisha akamwomba msamaha. Ilikuwa mara ya kwanza.

Joanitha hakuacha kupaka. Akasema, "Mama, mguu nilishakusamehe. Mguu unaweza kumvunjika hata aliyevaa vizuri. Lakini ulinivua mbele ya watu, na wewe ulijua viatu vile vimetengenezwaje. Hilo bado."

"Bado?"

"Bado, Mama. Nisikudanganye kwa sababu unaumwa."

Nilitaka kuingilia, kama mjomba. Dada alinizuia kwa mkono. Akamwambia Joanitha, "Basi usiharakishe, mwanangu. Niendako sina haraka."

Joanitha alipotoka kwenda jikoni, ndipo aliponipa kazi hii. Buberwa alipinga, na nampa heshima yake kwa kupinga. Alisema, "Mjomba, mambo haya yanasemwa chumbani, hayasomwi kwenye kaburi la mama yangu." Marehemu akamjibu, "Nikizikwa tu, watu wataanza kumwambia Joanitha amsamehe mama yake kwa kuwa amekufa. Kila atakayempa mkono atamwambia. Nilimvua mbele ya watu, sitaki avuliwe tena mbele ya watu. Semeni kosa ni langu, halafu wamwache." Baada ya hapo Buberwa hakupinga tena. Joanitha aliusoma wasifu huu jana jioni akasema usomwe.

Hellen Kokuberwa alifariki dunia Jumatatu tarehe 10 Novemba 2025, asubuhi, katika hospitali mjini Bukoba, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Ameacha watoto wawili, Buberwa na Joanitha, mjukuu mmoja, Kokushubira, ndugu zake tuliobaki, na watoto wengi wa Kamachumu na Bukoba ambao kwa namna moja au nyingine walitembea kama alivyowapangia.

Kwa hiyo ndugu zangu, kwa niaba ya marehemu, nina ombi moja kabla hatujatia udongo. Tutakapomfikia Joanitha kumpa pole, tumpe pole, basi. Tusimwongezee neno.

Dada, pumzika kwa amani. Umesema huna haraka.