Upepo Haukumuua Gracien

Marehemu Gracien Musoya, fundi mwashi wa Kikula, hapa Likasi, alizaliwa Kambove tarehe 12 Agosti 1971. Baba yake alikuwa Papa Dieudonné Musoya, mfanyakazi wa mgodi, na mama yake Mama Madeleine Kabedi, aliyeuza mihogo mbele ya nyumba. Alikuwa mtoto wa pili, akimfuata dada yake Angèle, aliyemwita yaya, anayejulikana na wengi hapa kwa depo yake ya makala, ghala la makaa ya kupikia. Alikuwa mtoto mpole. Wale waliodhani upole wake ulikuwa ujinga wakae vizuri, maana leo wataambiwa mengi.

Alianza shule ya msingi Kambove mwaka 1977. Mwaka 1984 familia ilihamia Likasi, akaingia shule ya ufundi kusomea ujenzi, akamaliza mwaka 1990. Katika mwaka wake wa pili mwalimu aliwapa wanafunzi kazi ya kujenga kila mmoja ukuta mdogo wa matofali, na Gracien alipata pointi nyingi kuliko wote. Asubuhi yake mwalimu aliukuta ukuta uko chini.

"Nani alibomoa?"

"Ni minye, Monsieur. Ilikuwa inalala kidogo."

"Inalala wapi? Si nilikupa pointi?"

"Pointi nilipata, Monsieur. Lakini ukuta ilikuwa inalala."

Tangu siku hiyo wenzake walimwita Filaplon, yaani timazi, ule uzi wenye kipande cha risasi mwishoni ambao mwashi hutumia kujua kama kitu kimesimama wima. Timazi aliyopewa shuleni aliitumia hadi mwisho wa maisha yake. Uzi aliubadilisha mara nyingi, ile risasi hakuibadilisha.

Alifanya kazi miaka thelathini na mitano, Likasi, Kambove na hata Kakanda. Aliwajengea wenye maduka, masista na wajane. Hakuna ukuta wake hata mmoja ulioanguka. Anayeujua ulioanguka asimame sasa auseme.

Tarehe 26 Julai 1997 alifunga ndoa na Emérance Kisimba katika parokia yetu ya Kikula. Picha ya ndoa bado ipo sebuleni: bibi harusi anatazama kamera, bwana harusi anatazama pembeni. Emérance alimuuliza jioni ile alikuwa anamwangalia mwanamke gani. Gracien akaapa kwamba alikuwa anaangalia mlango wa sakristia, kwa sababu fremu yake ilikuwa imepinda. Jumatatu alikwenda kuunyoosha, bure. Mungu aliwapa watoto watatu: Jessy, Plamedi na Dan.

Sasa tufike kwenye mti.

Mwezi Septemba 2023, jirani yake Bwana Blaise Mukobe, mwenye malori na duka la simenti, alitaka kujenga depo katika lupango lake, yaani kiwanja chake. Humo kulikuwa na mkaratusi mkubwa, mzee kuliko nyumba zote za avenyu ile, umeinamia kidogo upande wa nyumba ya Gracien. Bwana Blaise alimwita Gracien kwa kazi hiyo. Gracien alitazama kamba za msingi zilivyotandikwa, upande wa nyuma wa mti, akachuchumaa, akachimba kidogo kwa mwiko.

"Patron, musingi ukipita hapa, batakata mizizi yote ya huu upande. Hii mizizi njo kamba inashika muti. Ukiikata, muti itaangukia kwangu."

"Itaangukia kwako, haitaangukia kwangu," Bwana Blaise alisema, na vibarua wake wakacheka. "Weye unakuya kujenga ao unakuya kuhubiri?"

"Sogeza depo metre mbili, nitajenga kwa bei ileile."

"Nikisogeza, lori itageukia wapi? Juu ya kichwa yako?"

Gracien alichukua mwiko wake akaenda nyumbani. Ilikuwa kazi kubwa, na mwaka ule kazi hazikuwa nyingi. Fundi mwingine alipatikana, mizizi mitano minene ikakatwa kwa shoka, depo ikasimama.

Gracien hakugombana na mtu. Alimwomba Guy, mlinzi wa Bwana Blaise, ruhusa ya kupigilia msumari juu kwenye shina. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alitundika timazi yake kwenye msumari ule, akapima nafasi kati ya uzi na shina kule chini, akaandika katika daftari. Mwezi wa kwanza nafasi ilikuwa vidole viwili. Kufika Februari mwaka huu ilikuwa shibiri nzima na vidole vitatu. Aliandika pia uyoga uliotokea shinani, na siku udongo ulipoanza kuinuka nyuma ya mti.

Tarehe 4 Novemba 2023 alimwandikia Bwana Blaise barua ya kumwonya juu ya mti. Dada yake aliisoma, akamuuliza nakala ya pili ya kusainiwa iko wapi.

"Ya pili ya nini, yaya? Ni jirani. Nikimuomba sinyature ataniona mubaya."

"Akuone mubaya leo. Siku muti itaanguka atasema hakuona barua, na weye utamuonyesha nini? Mukono tupu?"

Bwana Blaise alisaini nakala ile na kuigonga muhuri wa duka lake, akicheka kwamba fundi amekuwa avoka, yaani wakili. Barua ya pili ilipelekwa tarehe 10 Oktoba 2024, kabla ya mvua, pamoja na vipimo vyote vya daftari. Aliisaini nayo. Hiyo ya pili alisaini bila kucheka, lakini mti hakuukata, hata tawi.

Gracien alifanya lililokuwa mikononi mwake. Alihamisha vitanda vyote upande wa pili wa nyumba, akakataza mtu kulala chumba cha karibu na mti. Ndiyo maana leo tunazika jeneza moja.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, mvua ndogo ya siku mbili ilikatika. Asubuhi ilikuwa tulivu, jua limetoka. Gracien aliona ufa katika udongo nyuma ya mti, mrefu kama mtu aliyelala. Saa moja alikuwa langoni kwa Bwana Blaise, aliyekuwa barazani anakunywa chai.

"Patron, udongo imepasuka. Tutafute bantu ba kukata, leo hii."

"Kuya saa sita."

"Saa sita muti haitakuwa imesimama."

"Basi utakuwa umepata kuni ya bure."

Maneno haya Guy aliyasikia, na Guy ameyasema mbele ya afisa wa polisi, kwa jina lake na sahihi yake. Kazi ya ulinzi ameshaipoteza. Sasa anapakia magunia kwenye depo ya Angèle.

Gracien aliwapeleka Emérance na watoto kwa dada yake, mitaa mitatu mbali, akarudi peke yake kung'oa mabati ya jiko ili alihamishe. Saa tatu na nusu mkaratusi uling'oka. Wanaosema aliuawa na upepo wakumbuke kwamba asubuhi ile mke wa Bwana Blaise alikuwa ameanika mashuka manne meupe kwenye kamba, hatua kumi kutoka mti ule. Majirani walipokuwa wanamtoa Gracien chini ya matawi, mashuka yale yalikuwa bado yananing'inia, yamenyooka, hayana hata kibanio kimoja kilichochomoka. Dada yake aliyapiga picha kabla ya kupanda pikipiki kwenda hospitali. Wapo waliomsema vibaya, eti ndugu yake anakufa yeye anapiga picha za mashuka. Picha hiyo iko ukurasa wa tatu wa kitabu hiki cha mazishi. Itazameni.

Alikuwa amevunjika uti wa mgongo, na figo zikaanza kushindwa. Akili yake ilibaki safi. Siku ya pili alimuuliza dada yake:

"Yaya, iliangukia upande gani?"

"Upande uleule."

"Ah. Basi iko mu daftari yangu."

Hakuuliza tena habari za mti.

Jumamosi, tarehe 8 Machi, Angèle alikuta watu wa Bwana Blaise wanakata mti vipande ili uchomwe makala haraka. Alisimama, akagonga shina, akauliza bei ya kisiki na mizizi yake.

"Ndugu yako iko hospitali," Bwana Blaise alimwambia, "na weye unatafuta makala?"

"Mutu wa makala anatafuta makala. Weye unauza ao unahubiri?"

Bwana Blaise alicheka sana. Walibishana nusu saa nzima. Yeye alitaka magunia kumi ya makala yaliyokwisha kuchomwa, Angèle akatoa manne, wakakutana kwenye sita. Kisha Angèle akataka karatasi.

"Polisi ba mu barabara bataniuliza muti nimeitoa wapi. Niandikie kama ni yako, nisisumbuliwe."

Bwana Blaise akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Mti wangu ulioanguka Alhamisi, kisiki pamoja na mizizi, nimemuuzia Mama Angèle Musoya." Akagonga muhuri. Magunia sita ya makala. Angèle hajawahi kununua kitu kwa bei nzuri kama hiyo.

Gracien alifariki Jumatatu, tarehe 17 Machi, saa nane mchana, mkewe akimshika mkono.

Siku iliyofuata, Bwana Blaise alileta kwenye kilio vitu viwili: jeneza lenye vishikio vya dhahabu, na karatasi ya familia kusaini. Karatasi ilisema kwamba mti haukuwa wake bali wa mji, ulipandwa kabla hajanunua lupango. Kwamba uliangushwa na upepo, jambo la Mungu. Na kwamba familia imeridhika. Emérance aliisoma mara mbili.

"Papa Blaise," alisema, "mupepo yako ilipita wapi, kama mashuka yako hayakuiona?"

Jeneza lilirudishwa siku ileile. Hili mnaloliona wamelitengeneza waashi wenzake kwa mbao za kawaida, na kona zake zote ni mraba. Bwana Blaise akatuma mtu kuomba wasifu uwe mfupi na useme mambo mema tu. Wasifu umesema mambo mema ya Gracien. Ya Bwana Blaise umesema yaliyopatikana.

Kisiki kimefungiwa ndani ya depo ya Angèle, kwa kufuli mbili. Afisa wa polisi amekipima: mizizi mitano iliyokatwa kwa shoka, majeraha yake yameshakuwa meusi, hayakukatwa juzi. Avoka wa familia ametueleza bila kuzunguka: mwenye kitu hujibu kwa madhara ya kitu chake, na upepo humwokoa tu pale ambapo hakuna aliyeweza kuuona msiba ukija. Gracien aliuona miezi kumi na sita. Aliuandika, na Bwana Blaise akausaini mara mbili.

Marehemu ameacha mjane, Emérance, watoto, Jessy, Plamedi na Dan, mama mzazi, Mama Madeleine, dada, Angèle, wajukuu wawili, na kuta nyingi ambazo hazijaanguka. Familia inawashukuru waashi wa Kikula, wauguzi, na Guy.

Kesi itasikilizwa mahakamani hapa Likasi, Jumanne, tarehe 15 Aprili 2025, saa tatu asubuhi. Anayetaka kutupa pole aje siku hiyo, akae mstari wa mbele, akitazame kisiki kikiingizwa.

Asubuhi ya leo Jessy alitundika timazi ya baba yake kwenye msalaba. Msalaba uko wima. Gracien, lala kwa amani, kazi yako ya kupima umeimaliza. Amani hiyo ni yako peke yako. Bwana Blaise hatujamwombea.