Kifungo cha Koti la Mwalimu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzangu: nawasalimu kwa heshima.

Tumekuja kumuaga Mwalimu wetu wa biolojia, anayestaafu leo. Wengine watasema jinsi alivyotufundisha sote. Mimi nitasema jinsi alivyomsaidia mama yangu kurudishiwa mikono yake.

Mama ni fundi cherehani. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingoni, kovu lilipona vizuri, lakini midomo ikaanza kumchonyota na vidole kufa ganzi. Kisha mikono ikawa inakakamaa yenyewe katikati ya kazi, vidole vimebanana kama vya mtu anayechota chumvi, na mkasi unaanguka chini. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Jirani mmoja alitania kwamba fundi siku hizi anaringa. Mama alicheka naye, halafu akaingia ndani akalia. Bibi naye, kwa kuwa alisikia maziwa yana kalsiamu, alimnywesha maziwa kutwa, hadi mama akasema bado kidogo ataanza kulia kama ndama. Mikono haikulegea.

Ndipo ikaja siku ya somo la homoni. Mwalimu alichora shingo ubaoni, na nyuma ya tezi kubwa ya shingo akatia nukta nne. Alisema hizo ni tezi za paratiroidi, ndogo kama punje za dengu. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, homoni ya tezi hizo huitoa mifupani, huzifanya figo ziizuie isipotee kwenye mkojo, na huziruhusu zitoe fosforasi iliyozidi. Homoni hiyo ikizidi, mifupa hudhoofika na figo huweza kuota mawe. Nikanyoosha mkono nikauliza: je, ikikosekana? Akajibu kwamba kalsiamu hushuka, fosforasi hupanda, mishipa ya fahamu hukosa utulivu na misuli hukakamaa.

Sikuweza kuendelea kuandika. Kipindi kilipokwisha, alikuja akaketi kwenye dawati langu.

"Ni nani, mwanangu?" aliniuliza.

Hakuuliza ni nini. Aliuliza ni nani.

Jioni ile alifika nyumbani, mkono wa gauni umejaa chaki, akamsihi mama aende hospitali bila kuchelewa, akisisitiza kwamba yeye ni mwalimu tu na damu ndiyo ipimwe. Ikapimwa. Kalsiamu ilikuwa chini sana, fosforasi juu. Tezi zile zilikuwa zimedhurika wakati wa upasuaji. Daktari akampa mama dawa ya kalsiamu na vitamini D maalumu, na hadi leo anarudi kupimwa, maana kalsiamu ikizidi nayo huumiza figo.

Bibi aliuliza, kwa uchungu kidogo, maziwa yake yalikuwa na kosa gani.

"Hayana kosa, mama," daktari alimwambia. "Yamebeba mizigo miwili, kalsiamu na fosforasi. Binti yako anahitaji mmoja tu."

Bibi akasema basi yaliyobaki atayanywa mwenyewe. Na mnamwona pale, afya tele.

Wapendwa wageni, mtu hupimwa kwa nini? Kwa yale anayoyajua, au kwa jinsi anavyoketi kando ya mtoto aliyeacha kuandika?

Mwalimu, zawadi yetu ni koti hili. Mama amelikata na kulishona mwenyewe. Utaona kifungo kimoja hakipo. Usidhani fundi amesahau. Jioni ile ulimwona akishindwa kutunga uzi kwenye sindano, ukageuza uso ili asione aibu. Leo anataka utazame.

Ninawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Mama, njoo mbele. Sasa naomba ukumbi utulie kidogo: anatunga uzi.