Miaka Mitatu ya Breki Gerezani

Benchi la kahawa liko kwenye kona, ubavuni mwa kibanda cha fundi viatu, na ubao wake umelainika kwa kukaliwa. Asubuhi ile katikati alikaa Breki, mpeleka mizigo kwa pikipiki, aliyepewa jina hilo kwa kupunguza mwendo hata kwenye kona isiyo na mtu. Kampuni anayoipelekea mizigo ilikuwa imemfungia akaunti yake ya kazi. Uchunguzi wa rekodi zake ulionyesha kwamba alitoka gerezani mwezi uliopita, baada ya miaka mitatu kwa kuiba jenereta. Alipewa hadi saa sita mchana ajieleze, mara moja tu. Asipoeleweka, kazi hana.

Fundi viatu alisema ni majina tu yamefanana. Wenzake wa benchini wakamwambia anyamaze, habari hiyo haimalizi hata nusu kikombe.

— Una pacha, — alisema Karani, mstaafu wa masijala. — Baba yako alikuwa dereva wa masafa marefu. Mmoja alibaki huko njiani.

— Pacha wa mama mwingine, mzee wangu? — aliuliza muuza kahawa.

— Wapo. Mafaili yao nimeyashika kwa mikono hii.

Muuza kahawa naye akaenda mbali zaidi: Breki alifungwa kweli, ila aligongwa kichwani akasahau. Breki alijua fika kwamba hajawahi kulala hata mahabusu. Hata hivyo alijikuta akimwonea huruma huyo pacha, akaanza kuwaza akija atamlaza chumba gani.

Ilipofika saa tano na nusu hakuwa ameandika hata neno. Hapo akaja muuguzi, kiatu mkononi, soli imebanduka. Simu ya Breki, yenye ujumbe wa kampuni, ilikuwa ikizungushwa benchini. Akausoma akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

— Kaka, miaka hiyo mitatu ulikuwa wapi?

— Barabarani, dada. Napeleka mizigo ya hao hao.

— Basi kama ulikuwa gerezani, mizigo yao ilikuwa ikipelekwa na nani?

Breki akachukua simu, akaandika swali lile kama lilivyo, akatuma.

Saa sita kasoro dakika mbili, jibu likaingia. Alilisoma kwa sauti, polepole:

— “Swali lako hatuna jibu lake. Akaunti yako iko wazi.”

Walicheka hadi kahawa ikamwagika, na kabla hawajanyamaza Breki alikuwa ameshawasha pikipiki.