Wasifu wa Bhoke Nyamhanga Otieno, Mama wa Sahani za Bati

Unasomwa na wifi yake, Nyarangi, nyumbani Magunga, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025

Bhoke Nyamhanga Otieno, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Tony, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 katika kijiji kilicho karibu na Kehancha, mtoto wa nne wa Mzee Nyamhanga na mkewe. Babake alikuwa mfugaji, na Bhoke alijua ng'ombe kabla ya kujua kusoma. Alipoolewa kwetu hakuweza kuzungumza Dholuo, lugha yetu, akazungumza nasi Kiswahili mpaka tukazoea. Ndiyo maana wasifu huu uko kwa Kiswahili: ndugu zake wa Kuria wako hapa, nao wana haki ya kusikia.

Alisoma kwao hadi darasa la saba, akafanya mtihani mwaka 1975. Baadaye alikwenda Rongo kwa shangazi yake kujifunza upishi, kisha akaajiriwa jikoni katika shule moja ya wasichana ya bweni. Hapo ndipo alipokutana na Jared Otieno, dereva wa lori la kuni. Jared alikuwa kaka yangu, kwa hiyo nina ruhusa ya kusema kwamba shule ile ilikuwa ikiletewa kuni nyingi kuliko ilivyozihitaji.

Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1983, na Mungu akawajalia Tony, Liz na Job. Bhoke alipompeleka Tony kumwona babu yake, mzee alimpa mtamba mmoja. Kila ng'ombe aliyepita katika boma hili alitokana na mtamba yule. Mmoja, mwekundu, asiyeridhika na malisho yoyote, Bhoke alimwita Mama Mkwe. Mama yangu mzazi alipolisikia jina hilo alicheka mpaka akashika ukuta.

Kuanzia mwaka 1995 marehemu aliongoza kikundi cha akina mama wanaopika kwenye matanga, kutoka hapa Magunga hadi Mbita. Msiba ukitokea, sufuria zake zilifika kabla ya hema. Kazi iliyowavunja mgongo ilikuwa kuosha vyombo. Kwa hiyo ni yeye mwenyewe aliyependekeza sahani za plastiki, zile za kula na kutupa. Wazo lilikuwa lake na hakulikana kamwe. Akina mama walipiga vigelegele, nasi tukala na kutupa miaka mingi bila kuuliza vitu vile vinakwenda wapi.

Jared alifariki, tukamzika hapa hapa tarehe 27 Agosti 2016. Watu walikuwa wengi kweli. Walikula, wakalia, wakapanda magari wakaenda. Kilichobaki kilijaa uani: sahani, vijiko, chupa, karatasi za mkate, mifuko ya nailoni iliyonuka mchuzi. Nyingine tulizichoma na moshi wake ukamkohoza mjukuu wiki nzima. Nyingine zilisombwa na mvua zikaziba mtaro, maji yakaingia jikoni. Mwezi wa Oktoba, Mama Mkwe alivimba tumbo, akalala, hakuinuka tena. Alipopasuliwa, tumboni mlikuwa na bonge la nailoni na vijiko vilivyovunjika, na ndani yake karatasi ya mkate uleule tulioununua wa matanga.

Mimi nilianza kuwalaani majirani. Bhoke alininyamazisha. "Nyarangi, wacha. Hakuna mtu ameniulia ng'ombe. Hii ni sahani zangu."

Tangu siku hiyo hakurudi nyuma. Alinunua sahani za bati kwa Osman, mwenye duka hapa sentani, ambaye alinung'unika kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimuuzia za plastiki. Mwaka uliofuata serikali ilipopiga marufuku mifuko, Bhoke alisema, "Wamenifuata." Kwa kuwa alikataa sahani za kutupa, watu walimwita mchoyo. Wengine walisema anawaaibisha wafiwa.

Mwaka 2019, katika mazishi fulani kule Mbita, Bonface, mwenyekiti wa kamati, alishusha maboksi ya sahani za kutupa. Bhoke aliinua mwiko kutoka kwenye sufuria.

"Mama Tony, yawa! Watu ni wengi. Nani ataosha?"

"Wewe uko na mikono mbili, Bonface."

"Mimi ni chairman!"

"Basi osha kama chairman. Hawa wageni wako watakula waende. Takataka itabaki na huyu mjane, na ikinyesha iingie ziwani, tuivue pamoja na omena. Hizo boksi zikifunguliwa, mimi naenda na mwiko yangu."

Maboksi yalirudi garini. Watu walikula kwa zamu, kila mmoja akaosha sahani yake, na kwa sababu ya njaa hotuba zikawa fupi. Bonface yuko hapa leo. Ameshika beseni pale nyuma, na tunamshukuru.

Marehemu aliugua kisukari kwa muda mrefu, na mwaka huu figo zikaanza kushindwa. Alilazwa hospitalini Homa Bay mwezi wa Septemba. Liz alipomuuliza anataka azikwe na nguo gani, alijibu, "Nguo chagueni. Mimi nataka uwanja safi." Akatuambia: "Siku yangu, mkiacha hata karatasi moja chini, mjue hamkunizika. Mmenitupa." Alifariki Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, Liz akimshika mkono. Inauma sana, na sitajifanya haiumi.

Ameacha watoto watatu, Tony, Liz na Job. Ameacha pia wakwe, wajukuu, ndugu zake wa ukoo wa Nyamhanga, kikundi chake cha wapishi, sahani zake za bati, na mimi.

Sasa neno la mwisho. Nawajua jamaa zangu: haya yanaposomwa, kuna chupa chini ya kiti cha mtu. Iokote. Kuna jambo jingine lililokuwa likimuudhi kuliko chupa. Baada ya kila mazishi alizunguka akiokota karatasi za ratiba ya mazishi kama hii mliyopewa leo, zenye picha ya marehemu, zilizokanyagwa matopeni. Alikuwa akizipangusa kwa leso yake na kusema, "Udongo wa kaburi bado mbichi, na tayari mnamkanyaga uso."

Igeuze karatasi uliyoshika. Huyo ni Bhoke, anakutazama. Kesho hakuna wa kumwokota. Nenda naye nyumbani.

Mungu ampumzishe kwa amani, mahali palipo safi.