Mzee Rubeni Nchagwa, Sabufa Yake, na Waliocheka

Tarehe 30 Juni 2025, Mzee Rubeni Nchagwa, fundi seremala wa shule yetu hapa Manchira, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alipoajiriwa, shule ilikuwa na madarasa manne na meza moja ya walimu iliyosimama kwa msaada wa tofali. Leo kila mlango na kila dawati limepita mikononi mwake, isipokuwa viti vya plastiki vya ukumbi. Viti hivyo kamati ya shule ilivinunua bila kumuuliza, vikavunjika kabla ya muhula kuisha. Mzee alivikusanya akavipanga nyuma ya karakana, mahali ambapo kila mjumbe hupita akienda chooni.

Amehudumu chini ya wakuu wa shule saba. Wa tatu alitaka kiti kirefu kuliko vyote, ili wageni wasiulize mkubwa ni nani. Alitengenezewa. Miguu yake haikugusa sakafu hadi alipohamishwa.

Lakini mimi, karani wenu, niliyeolewa miezi miwili iliyopita na ambaye bado ninaamka nikitabasamu peke yangu, nitakuwa mwizi wa fadhila nisiposimulia habari ya sabufa, lile boksi la spika la mdundo mzito.

Kamati ya harusi yetu ilipanga kukodi muziki mjini Mugumu. Mzee akasema sabufa ataitengeneza yeye, iwe zawadi yake kwetu na kazi yake ya mwisho shuleni. Hakuwahi kutengeneza sabufa maishani. Ofisi ya walimu ilicheka wiki nzima, na Mwalimu Clement wa fizikia, mwenyekiti wa kamati hiyo na wa ile ya viti, alicheka kuliko wote. "Tata, mzee wangu, sauti ni sayansi, siyo kabati!" Ildefonce wangu, bwana harusi, peke yake hakucheka, na moyo wangu ukampenda upya. Mwenyekiti akatoa sharti: boksi lijaribiwe Jumatano kabla ya harusi. Likishindwa, liende jikoni likawe kuni.

Mzee alichukua mbao za milango ya zamani ya maabara, nzito kama jiwe. Akakata matundu mawili ya spika za inchi kumi, akaziba kila ufa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, akatandika godoro kuukuu ndani. Amplifaya ya gari aliipata Sirari, akaiunga kwenye betri ya sola. Waya wa kwenda kwenye spika aliutoa kwenye taa mbovu za bweni. Nyuzi zake zote mbili zilikuwa za kijivu, na hapo ndipo kosa lilipojificha.

Jumatano walimu walijaa ukumbini kama waliokuja kuona ng'ombe akichinjwa. Mzee aliwasha. Kelele ikatoka, lakini mdundo haukuwapo kabisa. Alipoongeza sauti, ikawa kelele zaidi.

"Mzee, kuku watataga humo vizuri sana," alisema Mwalimu Gift.

"Amplifaya imekufa," alitamka Mwalimu Clement kwa sauti ya daktari anayetangaza msiba. "Pigeni simu Mugumu."

Mimi nilikuwa nalia. Mzee alizima, akafungua nyaya za spika zote mbili upande wa amplifaya, akaomba tochi ya mlinzi, akaichomoa betri. Akaigusisha kwenye ncha za waya wa spika ya kwanza: utando wake ukaruka nje. Akaigusisha vilevile kwenye waya wa spika ya pili: utando ukazama ndani. Akarudia, ili hata wenye shahada waone.

"Mwalimu, huyu anatoka, huyu anaingia," alisema. "Ndoa gani hiyo?"

Alikuwa amepishanisha chanya na hasi kwenye spika moja, basi kila iliposukuma, mwenzake alivuta, na mdundo ukafia katikati. Jambo hili Mwalimu Clement amelichora ubaoni miaka kumi na mitano. Siku hiyo alitazama dari. Mzee alibadilisha nyuzi mbili tu, akafunga, akawasha, na vioo vya madirisha vikatetemeka. Boksi la chaki lilianguka kutoka juu ya kabati, likamwaga unga wote kwenye koti la mwenyekiti. Hakuna aliyepiga simu Mugumu.

Jumamosi, Aprili 26, nilicheza mikononi mwa mume wangu kwa mdundo ule, nikiusikia unapita miguuni hadi kifuani. Mwalimu Clement naye alicheza hadi soli ya kiatu ikabanduka. Baadaye aliwaambia wageni kwamba kamati ilisimamia kazi ya sabufa "kitaalamu". Haya, na aendelee kusimamia viti vya plastiki.

Sasa boksi liko sebuleni kwetu. Mimi na Ildefonce tukipishana kauli, tunalitazama, tunaulizana ni nani ameungwa kinyume. Hadi leo ni yeye.

Mzee Rubeni, asante kwa milango, kwa madawati, na kwa kutufundisha kwamba kosa huchekwa na mvivu na hutafutwa na fundi. Nenda Tarime kwa mkeo Mama Bhoke, ng'ombe wako wanenepe, usingizi wako usikatishwe na kengele ya shule, na miaka yako iwe mirefu na yenye mdundo.

Sherehe ya kumuaga ni ukumbini, na sabufa itapiga. Viti vya mbele kabisa, karibu na boksi, vimetengwa kwa waliocheka.

Winfrida, karani wa shule